Mwalimu wa Watoto Wadogo: Sifa Zetu na Haki Yake

Katika kazi ambazo watu huzisifu kwa ulimi na kuzidharau kwa mkono, hatuioni moja inayoishinda kazi ya kuwafundisha watoto wadogo. Mwulize mtu ye yote barazani baada ya sala ya alasiri kama kazi hiyo ni njema. Atakujibu papo hapo kwamba ni njema mno. Kwamba udongo huwahiwa ungali maji. Kwamba mwanamke akaaye na watoto thalathini tangu asubuhi hata adhuhuri ana moyo ambao si kila mtu amepewa, na thawabu zake ziko kwa Mwenyezi Mungu. Kisha mwulize mtu yule yule: mwalimu huyo analipwa kiasi gani, ni nani amlipaye, na mara ya mwisho alilipwa lini? Hapo utauona ulimi uliokuwa mwepesi umekuwa mzito.

Swali tulitakalo kulichungua katika kurasa hizi si la hesabu ya fedha tu. Ni swali la haki, nalo ni hili: mtu aipendapo kazi yake kwa moyo wake wote, je, upendo huo watupunguzia sisi deni tulilo nalo kwake, au watuzidishia? Ni wachache watakaothubutu kusema kwa kinywa kwamba wapunguza. Lakini vitendo vya watu vina lugha yake, na lugha hiyo yasema: huyu anaipenda kazi, hata tukimpa kidogo hatatuacha. Sisi twaona kwamba maneno hayo ni dhulma iliyovikwa nguo ya sifa, nasi tutajaribu kueleza kwa nini.

Ili tuhukumu bila ya upendeleo, natuchukue mfano ulio mbali kidogo na miji yetu. Mtu huiona kasoro ya nyumba ya jirani upesi kuliko ya nyumba yake, na akisha kuiona huko, akili yake humrudisha kwake. Mfano wetu ni Kathonzweni, mji mdogo wa soko katika kaunti ya Makueni, nchi ya Ukambani. Watu wa huko si wageni kwetu. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka Mombasa na pembe za ndovu, na wazee wetu wakifanya biashara nao. Hata maji yatuunganisha: mto Athi, upitao baina ya nchi ya Makueni na nchi ya Kitui, ndio huo huo uitwao Galana na Sabaki ukifika huku chini, ukamwagika baharini kaskazini ya Malindi.

Kathonzweni ni nchi kavu. Mvua zake ni za misimu miwili, na ile wanayoitegemea zaidi ni ya mwisho wa mwaka, ambayo sisi twaiita vuli. Ikinyesha vyema, watu huvuna pojo, kunde, mbaazi na mtama. Isiponyesha, ghala hukaa tupu na watu hungoja msimu mwingine. Nyumba zao hazikushikana mtaa kwa mtaa kama zetu, bali kila mji uko katika shamba lake, na akina mama wengi huenda mwendo mrefu kutafuta maji. Katika nchi ya namna hiyo ndimo afanyamo kazi mwalimu wa chekechea. Hatumtaji mtu kwa jina, wala hatusimulii kisa cha mtu mmoja. Twaieleza kazi yenyewe jinsi ilivyo, kwani ijulikanapo kazi ndipo ijulikanapo haki ya mwenye kuifanya.

Mtoto wa miaka minne afikapo mlangoni mwa darasa, mara nyingi hajui kusema ila Kikamba. Hajapata kukaa siku nzima mbali na mama yake au na susu, ndivyo waitavyo bibi. Pengine ametoka nyumbani bila ya kula. Kazi ya mwalimu ni kumpokea, kumtuliza, kumtazama kama ana homa au upele, kumnawisha mikono, na kumwuliza habari za nyumbani kwa lugha ya nyumbani. Katika hili la lugha hafanyi ila lile ambalo serikali ya Kenya ilishauriwa na kamati ya Gachathi mwaka 1976, kwamba mtoto aanze masomo kwa lugha ya mahali pake. Humfundisha kuhesabu kwa mbegu na vijiti, kupanga mawe kwa ukubwa wake, kushika kalamu, kungoja zamu yake, kusema "nimekosa" na kusema "ahsante." Mama ajapo kumchukua, mwalimu humweleza kwamba mtoto akiitwa kwa upande mmoja haitiki, basi apelekwe zahanati akatazamwe sikio, au kwamba amekuwa kimya siku tatu, je, kuna jambo nyumbani? Na mama, ambaye huenda hana mtu mwingine wa kumwambia, husimama akaeleza.

Basi kazi ya mwalimu huyu ni mbili katika moja. Anafundisha mtoto, na anaitegemeza nyumba iliyomleta mtoto. Nusu ya kwanza yaonekana, kwa kuwa ina ubao na chaki. Nusu ya pili haionekani, haina saa ya kuanza wala ya kumaliza, na haiandikwi katika daftari lo lote. Tena hiyo ya pili ndiyo ile ambayo mtu hawezi kuifanya kwa amri. Unaweza kumwamrisha mtu asimame mbele ya watoto. Huwezi kumwamrisha atambue kwamba mtoto wa safu ya tatu leo hakucheka.

Hapa yatupasa kueleza tunakusudia nini tusemapo upendo, kwa sababu neno hili limechezewa. Watu wengi wakisikia kwamba mwalimu anawapenda watoto hudhani maana yake ni kuwabembeleza. Kubembeleza hata jirani aweza kwa nusu saa. Upendo wa mwalimu ni uangalifu usiochoka: kumwona mtoto mmoja katika kundi la wengi, kukumbuka jana alifika wapi, kungoja leo ajaribu mwenyewe, na kutomfanyia kile ambacho mikono yake midogo yaweza kufanya. Elimu ya zama hizi imethibitisha jambo ambalo methali zetu zililisema kwa ufupi. Mtoto afikapo miaka sita, ubongo wake umekwisha kuukaribia ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, na mengi yatakayomfaa maishani, kama kupambanua sauti za lugha, kuizuia hasira na kuwaamini watu, yamekwisha kuwekewa msingi. Mwenye kumwangalia mtoto katika miaka hiyo hamlindi tu asianguke kisimani. Anaujenga msingi ambao walimu wote watakaofuata watajenga juu yake.

Na upendo usio na elimu hautoshi. Huyu aweza kumpenda mtoto na kumpiga kwa fimbo akidhani anamtengeneza. Mwanachuoni Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, alilieleza jambo hili katika Mukadima yake kwa uwazi mkubwa: kwamba ukali katika kufundisha huwadhuru wanafunzi, na hasa walio wadogo, huwavunja nguvu, huwatia uvivu, na huwazoeza kusema uongo na kuonyesha lisilo moyoni ili waokoke na mkono wa mwalimu, hata tabia hiyo ikawa ndiyo maumbile yao. Zaidi ya miaka mia sita imepita tangu hapo, na bado wako watu wasemao kwamba mtoto asiyelia hajafunzwa. Kwa hivyo tusemapo kwamba mwalimu ana haki kwetu, mojawapo ya haki hizo ni kusomeshwa. Kumwacha mwalimu na upendo wake mtupu, bila ya mafunzo, ni kumdhulumu yeye na kuwadhulumu watoto pia.

Uko mtego mwingine ambao mwenye kupenda kazi hii yampasa kuuogopa. Ni rahisi kumpenda mtoto na kuwadharau wazazi wake. Mtoto aja na shati chafu, na mwalimu asema moyoni: mama huyu hamjali mwanawe. Lakini mama huyo pengine alitoka nyumbani alfajiri, akaenda mtoni akachimba mchanga apate maji, akarudi na dumu moja. Na dumu moja likigawanywa kwa kupika, kunywa na mifugo, haisalii ya kufulia. Mtoto humpenda mama yake kabla ya kumpenda mwalimu. Akiona mama yake anadharauliwa, hujifunza moja katika mawili: ama kumchukia mwalimu, ama kumwonea haya mama. Yote mawili ni hasara. Mwalimu mwema ni yule ambaye mama akitoka kuzungumza naye hujiona amezidi kuwa mama, hakupunguka. Na kwa sababu hiyo hatukubaliani na wale wasemao kwamba shule za watoto wadogo zawaibia wazazi kazi yao. Mkono mmoja haulei mwana. Shule imwibiayo mama ni ile imfungiayo mlango. Ama imfunguliayo, hiyo ni msaidizi wake.

Jambo hili si dhana tu, limejaribiwa. Katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan nchini Marekani, kati ya mwaka 1962 na 1967 walichukuliwa watoto 123 wa familia maskini za watu weusi. Kwa bahati nasibu, 58 wakaingizwa katika shule ya chekechea iitwayo Perry, na 65 wakaachwa bila ya kuingia. Walimu wa shule hiyo walikuwa na vyeti na walilipwa mishahara, si posho ya huruma. Na kila juma mwalimu alikwenda nyumbani kwa mtoto, akakaa na mama na mtoto pamoja. Watoto hao wakafuatwa mpaka walipofika miaka 40. Mwanzoni waliosoma waliwazidi wenzao katika mitihani ya akili, kisha baada ya miaka michache tofauti hiyo ikafifia, na watu wakasema kwamba juhudi ile ilipotea bure. Walakini haikupotea. Walipokuwa watu wazima, wengi zaidi katika waliosoma walikuwa wamemaliza sekondari, chumo lao lilikuwa kubwa zaidi, na waliokamatwa na polisi mara kwa mara walikuwa wachache kuliko wa kundi lile jingine. Lililobaki mioyoni mwao halikuwa herufi walizozijua mapema. Ni tabia: kuanza jambo na kulimaliza, kujizuia, kuamini kwamba juhudi huzaa. Na hayo ndiyo yale yatokayo katika uangalifu wa mwalimu na katika kushikana mikono kwa shule na nyumba.

Mafunzo yaliyotokana na shule ile yalivuka bahari yakafika kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya waliona kwamba watoto wao wasoma chuoni lakini wakiingia shule za serikali wanabaki nyuma, wakamwomba Aga Khan msaada. Mwaka 1986 ukaanzishwa Mombasa mpango wa chekechea za madrasa, na Bi Swafiya Said, mwalimu wa papa hapa pwani, akawa mwenye kuutia nguvu. Mwaka 1990 ukafika Unguja, na mwaka 1993 Uganda. Njia yake ilikuwa hii: jamaa ya msikiti au mtaa hutoa chumba na kuchagua kamati, wanawake wa mtaa ule ule, wengine waliosoma kidogo tu, huchaguliwa wakafundishwa ualimu, na vitu vya kuchezea hutengenezwa kwa yaliyopo, kama makombe ya pwani, vifuu vya nazi, vifuniko vya chupa na vipande vya nguo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliofanywa Kenya, Uganda na Zanzibar, ulionyesha kwamba watoto waliopitia chekechea walikua kiakili zaidi ya waliobaki nyumbani, na waliotoka katika shule za mpango huo walizidi zaidi. Basi asije mtu akatuambia kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Yamefanywa kwetu, kwa mikono ya wanawake wetu, na yakafaulu.

Lakini hata huko, ujira mdogo wa walimu ulikuwa ugonjwa usiopona upesi. Na mwalimu aliyekwisha kufundika akipata kazi yenye mshahara wa kutosha, huondoka. Hapa ndipo turudipo kwenye swali letu.

Wasemao kwamba upendo watosha wana hoja mbili, nazo yafaa zijibiwe kwa insafu. Hoja ya kwanza ni ya watu wa dini. Wasema: kazi ya kufundisha ni ibada, ukiitia fedha, umeiharibu nia. Hoja hii ni ya zamani, na wanavyuoni wamekwisha kuipima. Wakubwa wa mwanzo wa madhehebu ya Hanafi walikataza kuchukua ujira kwa kufundisha Kurani. Waliokuja baadaye katika madhehebu hayo hayo wakaruhusu, na sababu waliyoitoa ni ya watu wenye macho: zamani walimu walikuwa wakipata posho katika hazina ya umma, posho hizo zilipokatika, mwalimu asipolipwa atakwenda kutafuta chakula cha watoto wake, na elimu itapotea. Ama madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa watu wa pwani hii, yameruhusu ujira huo. Basi ikiwa kwa kufundisha Kitabu cha Mungu mwenyewe wanavyuoni hawakuona kwamba ujira unaua nia, vipi uue nia katika kufundisha kuhesabu na kunawa mikono? Nia ya mwalimu ni baina yake na Mola wake, na ujira wake ni baina yake na sisi. Hatuna ruhusa kuitumia ile ya kwanza kuikimbia hii ya pili.

Hoja ya pili ni ya watu wa soko. Wasema: hakulazimishwa, kazi ameitaka mwenyewe kwa bei hiyo, na asipoitaka yuko mwingine. Maneno haya yana sura ya haki, lakini yachungue. Mtu auzaye samaki, ukimpa bei ndogo, huondoka na samaki wake. Mwalimu huyu hawezi kuondoka kwa wepesi huo, na kinachomzuia ni kile kile tunachokisifu. Ajua kwamba akiondoka leo, yule mtoto aliyeanza kusema juzi atanyamaza tena. Upendo wake ndio kamba iliyomfunga, na sisi ndio tuliokamata ncha ya kamba. Kumpunja mtu kwa kuwa hajui bei ni vibaya. Kumpunja kwa kuwa ana huruma ni vibaya zaidi, kwa sababu yule wa kwanza umemwibia mali, na huyu wa pili umeugeuza wema wake kuwa silaha ya kumpigia. Tena mji ufanyao hivyo huwafundisha vijana wake somo baya: kwamba mwenye moyo mgumu hulipwa na mwenye moyo laini hushukuriwa. Watoto husoma hata yale ambayo hatukuyaandika ubaoni.

Natutazame dhulma hii ilivyofanya kazi katika nchi yetu. Mwaka 2003 serikali ya Kenya iliondoa karo katika shule za msingi, na jambo hilo lilikuwa jema kubwa. Lakini shule za chekechea hazikuingizwa, na walimu wake wakaendelea kutegemea karo za wazazi. Matokeo yake, wazazi wengine wakaruka chekechea kabisa, wakampeleka mtoto moja kwa moja darasa la kwanza kwa kuwa huko hakutozwi kitu. Fikirini sasa hali ya mahali kama Kathonzweni katika mwaka wa ukame. Mvua isiponyesha, pojo hazipatikani. Pojo zisipopatikana, karo haipatikani. Karo isipopatikana, mwalimu hana mshahara. Na mwaka huo huo ndio ambao watoto waja na njaa zaidi na akina mama wana haja zaidi ya mtu wa kuwategemeza. Yaani kazi yazidi maradufu wakati ujira umekwisha kabisa. Ni nani katika sisi awezaye kuiita hiyo bei ya hiari?

Katiba ya mwaka 2010 iliiweka elimu ya chekechea mikononi mwa kaunti, na tangu serikali hizo zilipoanza mwaka 2013, kaunti, na Makueni ikiwamo, zimeajiri walimu na kujenga madarasa. Hayo ni maendeleo, na asiyeshukuru watu hakumshukuru Mungu. Hata hivyo mwalimu wa shule ya msingi ya serikali huajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu kwa daraja na masharti yajulikanayo nchi nzima, na mwalimu wa chekechea, ambaye darasa lake laweza kuwa katika uwanja ule ule wa shule, yuko chini ya kaunti, na masharti yake hutegemea kaunti aliyomo. Wala si wote walio katika kaunti. Chekechea nyingi za mitaa, za misikiti na za makanisa, zaishi bado kwa karo na sadaka. Kwa hivyo asidhani mtu kwamba serikali imekwisha kutubebea mzigo huu, nasi tukae kivulini.

Sasa, yatupasa kufanya nini? Wakamba wana desturi yao ya mwethya: watu wa kijiji hukusanyika wakalima shamba la mmoja wao, wakachimba matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, kesho wakahamia kwa mwingine. Milima ya Ukambani iliyokuwa imepauka kwa mmomonyoko iliokolewa kwa matuta hayo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na wanawake. Katika mwethya hapana aambiwaye, "Wewe wapenda kulima, basi lima peke yako." Apendaye kulima hulima pamoja na wenzake. Ni mizani hiyo hiyo tuitakayo kwa mwalimu: upendo wake uwe mwanzo wa juhudi ya wote, usiwe badala yake.

Nasi watu wa pwani tuna desturi yetu iliyo bora kwa jambo hili, nayo ni wakfu. Wazee wetu waliweka wakfu nyumba, mashamba ya minazi na visima, ili misikiti ipate mafuta ya taa na wapita njia wapate maji. Ni nini kinachotuzuia kuweka wakfu chumba kimoja cha duka, kodi yake ikawa mshahara wa mwalimu wa chekechea ya mtaa? Mpango wa madrasa tulioutaja uliona mapema kwamba shule isiyo na akiba hufa, ukawasaidia watu wa mitaa kuweka fungu la fedha lisiloliwa, likaliwa faida yake tu. Huo ni wakfu kwa jina jingine. Msikiti wenye mazulia mapya kila mwaka, na nyuma yake pana mwalimu asiyelipwa miezi miwili, haukukosa mali. Umekosa mpango.

Kisha liko la kila mzazi, ambalo halingoji wakfu wala kaunti. Alipe karo siku yake, kama alipavyo umeme, asingoje kukumbushwa mlangoni mbele ya mtoto. Aende akae na mwalimu walau mara moja kwa mwezi, baba kadhalika na mama, kwani watoto hawakuzaliwa na mama peke yake. Akiambiwa mtoto wake ana upungufu, asione ametukanwa. Aone amepewa habari ambayo wengine huipata miaka kumi baadaye, wakati imekwisha kuwa ghali. Na barazani, likitajwa jina la mwalimu wa watoto wadogo, asiitwe "yule mama anayewachezesha watoto." Aitwe mwalimu.

Na kwa walimu wenyewe tuna neno moja. Haki yenu msiione haya kuidai. Mmezoeshwa kudhani kwamba mwenye kupenda hasemi fedha, na kwamba mkisema mtaonekana hamna moyo. Sivyo. Mwalimu alalaye na njaa hawezi kesho kutambua kwamba mtoto wa safu ya tatu hakucheka. Mnapodai kilicho chenu mnawadaia na watoto pia, kwa sababu uangalifu ule mnaousifiwa walishwa kwa usingizi, chakula na utulivu wa nyumba, kama taa ilishwavyo kwa mafuta.

Hukumu yetu basi ni hii. Upendo wa mwalimu ni amana iliyowekwa mikononi mwetu pamoja na watoto wetu. Kadiri unavyozidi, deni letu lazidi, kwani aliyetupa zaidi ya ujira wake hatuwezi kumlipa chini ya ujira wake. Ile sehemu ya kazi yake isiyolipika, na ipo, tumwombee kwa Mungu aliyoijua. Ile inayolipika ni juu yetu, nayo hulipwa mwisho wa mwezi.